Kibao cha Shingoni

Sadoki alikuwa amekaa nyuma ya wanawake wawili kwenye kifodi, basi dogo la kwenda Sakina, akasikia yote.

"Kitabu gani hicho, binti, hata salamu hujaisikia?" mama mmoja alimuuliza jirani yake.

"Samahani, mama, shikamoo. Ni hadithi ya nchi ya miaka mia ijayo. Mtoto akiongea lugha ya kwao, anavishwa kibao shingoni."

Mama akacheka. "Miaka mia yote hiyo? Shuleni kwetu, ukiongea Kiswahili unakivaa leo leo, mpaka umkamate mwenzako naye akikiongea."

"Kumbe wewe ni mwalimu?"

"Wa darasa la tatu."

Sadoki aliona kamba ya kibao ikining'inia mkobani mwa mwalimu.

"Na mwenye kuwavisha," mwalimu akauliza taratibu, "mwishoni anafanywaje?"

"Sijafika huko."

Konda aliita Sakina mara mbili ndipo mwalimu akainuka, akiisukumiza kamba ndani.