Bahasha Iliyopatikana Uriri: Kwaheri kwa Mama Phelesia wa Dirisha la Dawa

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi, Mama Phelesia Awuor anastaafu tarehe 31 Desemba 1999. Wengine wanaingojea siku hiyo kwa hamu ya milenia mpya. Sisi wa hospitali hii ya barabara ya Rangwe tunaingojea shingo upande.

Alikuja mwaka 1968, akiwa na miaka ishirini na minne, kuosha chupa za dawa ya kikohozi. Ilipogunduliwa kwamba anasoma kila karatasi iliyobandikwa kwenye chupa kabla ya kuibandua, alipelekwa kusomea utoaji wa dawa, akarudi na cheti na miwani. Cheti bado kiko ukutani. Miwani ameshavunja minne, yote kwa kuikalia.

Wenye kiungulia hawatamsahau. Miaka ile dawa ya tumbo ilikuwa vile vidonge vyeupe vya kutafuna, na dereva wetu Job alivitafuna kama njugu. Mama Phelesia alijiwekea sheria: ukija mara ya tatu hupewi, unarudi kwa daktari ukaeleze vizuri. Kidonge kinatuliza tu, alisema, hakiulizi ni nini kinachouma. Hata mkubwa wetu mmoja, aliyehudhuria harusi tatu katika mwezi mmoja, alirudishwa foleni. Alienda.

Mwaka 1996 Daktari Ondieki alirudi kutoka semina Nairobi na habari iliyotushangaza. Vidonda vingi vya tumbo, alisema, haviletwi na pilipili wala mawazo, bali na bakteria wanaoishi tumboni. Tiba yake ni antibiotiki mbili pamoja na kapsuli ya kupunguza asidi, wiki mbili bila kuruka hata siku moja. Kapsuli peke yake ingeondoa maumivu na kuwaacha bakteria wakiendelea kustarehe.

Hapo ndipo anapoingia yule mgonjwa wa Uriri ambaye sote tumemcheka kwenye chumba cha chai. Alipewa dozi kamili. Baada ya miezi miwili alirudi akitapika damu. Daktari aliona dawa imeshindwa, akaandika barua ya kumpeleka Kisumu akakatwe sehemu ya tumbo. Mgonjwa aliogopa sana. Alirudi nyumbani akaanza kumwonyesha mdogo wake mipaka ya shamba.

Kabla hajaondoka, Mama Phelesia alikuwa amemuuliza dirishani kama alimaliza dawa. Alisema ndiyo, huku akitazama viatu vyake. Mama hakubishana naye. Jumamosi alifunga safari hadi Uriri, eti anatafuta mbegu za viazi vitamu, akakaribishwa chai na mama mzazi wa mgonjwa. Mama huyo, kwa fahari kubwa, alimsimulia jinsi mwanawe alivyomletea dawa ya ajabu iliyomtuliza tumbo kwa siku kadhaa, ingawa maumivu yalirudi baadaye. Akaleta bahasha iliyokuwa na dawa hiyo. Mwandiko juu yake ulikuwa wa Phelesia mwenyewe.

Siri ikawa imefichuka. Siku ya sita kijana alipata nafuu, akaona haiwezekani yeye ale ashibe na mama yake akilala ameshika tumbo, akamgawia dawa iliyobaki. Wote wawili wakapata nusu, wote wawili hawakupona.

Jumatatu asubuhi Mama Phelesia alimweleza Daktari kwamba dawa haikushindwa, haikumalizwa. Safari ya Kisumu ikasitishwa. Mama mzazi naye akapimwa, kila mmoja akapewa dozi yake, na wote wawili wakapona. Tangu siku hiyo kuna benchi mbele ya dirisha la dawa, na kila mgonjwa wa tumbo huketishwa hapo aulizwe ni nani mwingine nyumbani anayeumwa. Kama yupo, aje naye kwa daktari. Mama Phelesia hakuwahi kumkemea mtu kwa kugawa dawa. Alisema wanaogawa ni watu wazuri, wanahitaji tu dozi mbili.

Jina la mgonjwa huyo hamkulijua, kwa sababu Daktari alihamishwa na Mama Phelesia hakulitamka hata mlipomsihi. Basi nalitaja mwenyewe. Ni mimi, Machuki, karani wa kumbukumbu ambaye faili hilo nililitunza mwenyewe, na mwandishi wa jarida hili, niliyebandika pale dirishani tangazo la MALIZA DOZI YAKO. Miaka hii yote nimecheka pamoja nanyi, naye alikuwa akinitazama juu ya miwani.

Mama Phelesia, asante. Mama yangu Bathsheba ataketi kiti cha mbele siku ya sherehe ya kukuaga, na ameahidi kula pilipili. Nenda ukapumzike, maisha yako ya mbele yawe ya amani na afya tele. Na mimi, Mama, safari hii nilimaliza.