Thèse ya Papa Emérita ku Barrière

KAVUO: Alo? Ni nani? Numéro hii siijue.

THÉOPHILE: Kavuo, ni miye.

KAVUO: Miye nani? Réseau inakwaruza, unasikika kama muntu iko ndani ya pipa.

THÉOPHILE: Théophile, bwana yako. Napiga na simu ya motari, ule ananibeba ku pikipiki.

KAVUO: Aa, Papa Emérita, mutoto wako anakuulizia. Habari ya safari? Mama yako kule Lushebere, ulimukuta?

THÉOPHILE: Nilimukuta chini ya hema ya bâche na maharagi yake, anakusalimia. Kavuo, sikiliza—

KAVUO: Huku sombe yenye nilikupikia imeshapoa. Nimefunga boutique mapema juu yako, hapa Mubi bantu yote inashangaa—

THÉOPHILE: Sitafika sasa. Tuko ku barrière, wamefunga njia, kisha ya Nyabiondo.

KAVUO: Barrière ya nani?

THÉOPHILE: Ya bakubwa wa bunduki. Simu iko ku haut-parleur. Commandant anasikia yote.

KAVUO: Bonjour, commandant.

COMMANDANT: Bonjour, Mama. Bwana yako tumemukuta na ordinateur, machine ya kuandikia. Anasema iko muntu wa hesabu. Tumefungua, tumeona cuivre, ile shaba. Tumeona mawe yenye matundu, na mishale inaonyesha njia ya kupita ndani. Hii ni carte ya mines, ya kuonyesha madini iko wapi, ao ni nini?

THÉOPHILE: Mon commandant, nilishaeleza, ni modélisation ya nanofluide mu milieu por—

COMMANDANT: Weye nyamaza. Tangu asubui unajificha mu Kifaransa. Naongea na Mama. Sisi tuko na kilima huku, na ndani mawe ya bei. Kama bwana yako anajua kuona ndani ya mawe, atabakia na sisi.

KAVUO: Atabakia mupaka lini?

COMMANDANT: Huku hatuna kalendari, Mama.

[Réseau inakwaruza.]

KAVUO: Commandant, uniache nicheke kwanza.

COMMANDANT: Unacheka nini?

KAVUO: Nacheka huyu mwenye unataka kumubakisha. Miye njo namulishaka, acha nikuelezee kazi yake. Siku ya posa alimuelezea baba yangu, muzee akalala. Iko hivi: unakamata maji, unatia vumbi ya cuivre, ndogo kupita unga, jicho haiione. Ile maji inapita mu kitu ya matundu, kama éponge ya kuosha sahani. Yeye anatafuta namna maji ile inabeba joto. Njo yote.

COMMANDANT: Na cuivre anaitosha wapi?

KAVUO: Mu kichwa. Hakuna cuivre. Hakuna maji. Hata éponge hakuna, yangu hajaigusa. Anaandika tu: tuseme kuko maji. Myaka na myaka, tuseme kuko.

THÉOPHILE: Ni hypothèses, Kavuo.

KAVUO: Umesikia? Iko na jina.

[Vijana wanacheka nyuma.]

COMMANDANT: Na mishale?

KAVUO: Njo maji inatembea. Maji ya kuandika. Umupeleke ku kilima yako, atakuuliza kama kilima iko isotrope.

COMMANDANT: Iko nini?

THÉOPHILE: Ni kusema matundu iko sawasawa pande yote, mon commandant. Bila ile, équation inakuwa—

KAVUO: Unaona. Docteur wa joto, na chai yake anakunywaka baridi juu braséro ya makala inamushinda kuwasha. Familia yangu ya Butembo ni bantu ya biashara ya camions. Wananiulizaka, bwana yako anauzisha nini? Nasemaka: anauzisha maji yenye haiko.

COMMANDANT: [anacheka] Sasa État, hii serikali yenu, inasomesha bantu juu ya maji yenye haiko, na huku daraja zote zimeanguka.

KAVUO: Njo État, commandant. Na nyinyi munapigana juu ya kuikamata.

[Vijana wanaacha kucheka.]

KAVUO: Nimesema vibaya?

COMMANDANT: Hapana. [anacheka polepole] Hapana, Mama. Uko na mateso weye. Professeur, wende. Motari naye awende na simu yake. Sac na machine zitabakia, vijana wataona film.

THÉOPHILE: Mon commandant, thèse yangu iko nda—

KAVUO: Théophile.

THÉOPHILE: Ni kazi ya masomo, ya myaka mingi, mon—

KAVUO: Papa Emérita. Mushukuru commandant.

THÉOPHILE: [anashusha sac] Merci, mon commandant.

COMMANDANT: Salimia Mubi.

[Hatua ku mawe. Upepo mu simu.]

KAVUO: Umetoka?

THÉOPHILE: Nimetoa haut-parleur. Tunasukuma pikipiki. Motari anasema tusiwashe mupaka ku kona, wasibadilishe mawazo.

KAVUO: Usigeuke.

THÉOPHILE: Sigeuke. Kavuo, flash yenye kopi ya thèse ilikuwa mu sac.

KAVUO: Nimesikia.

THÉOPHILE: Hakuna ingine.

KAVUO: Nimesikia, Théo. Tembea.

THÉOPHILE: Walicheka sana.

KAVUO: Njo nilitaka wacheke.

THÉOPHILE: Ile ya maji yenye haiko. Haukuitafuta. Ilitoka mbio, kama muntu mwenye alishaisema mara nyingi.

KAVUO: Kona iko mbali?

THÉOPHILE: Unawazaka vile?

KAVUO: Bunduki ziko nyuma yenu, na weye unataka tuongee maji.

THÉOPHILE: Nataka kujua tu.

KAVUO: Siku zingine nawaza vile. Kisha nakuona ku meza, unaandika, Emérita amelala ku magoti yako, na naanza kuamini ile—

[Simu inalia: tiii.]

THÉOPHILE: Unité za simu ya motari zinaisha. Unaanza nini? Alo?

KAVUO: Mumeshapita kona?

THÉOPHILE: Tunapita sasa. Kavuo, unaanza nini?

KAVUO: Washeni pikipiki, Théo. Mukimbie, mukim—

[Unité zimekwisha, simu imekatika.]