Matano Boga, Dobi Aliyeitwa Santuri

Bwana Matano Boga, mzaliwa wa Waa, anastaafu leo, tarehe 30 Juni 1958, baada ya miaka ishirini na miwili ya kufua na kupiga pasi katika hoteli yetu hapa Diani. Walioandaa hafla wameniomba niandike maneno ya ratiba hii kwa uchangamfu. Nitajitahidi, lakini nina hasira, na hasira haipigiki pasi.

Alianza na pasi ya makaa, akapanda hadi kuwa mkuu wa madobi. Shuka haikutoka mikononi mwake na kunyanzi, na mashati ya wageni aliyatambua kwa vifungo. Siku moja tu aliunguza shati la hariri, nasi sababu tunaijua: alikuwa akiitafuta sauti ya sita.

Maana Matano, akiwa na wajukuu tayari, aliamua kujifunza tarumbeta. Mwalimu wake ni Menezes, Mgoa wa bendi ya hoteli, aliyempa tarumbeta kuukuu na kumfundisha ngazi ya bluzi, ule muziki wa Wamarekani weusi. Ngazi yenyewe ina sauti sita tu, na moja kati yake hulia kwa kupinda, kama mlango usiotaka kufungwa. Ukishazijua, Menezes alimwambia, hakuna karatasi ya kusoma. Unatunga lako papo hapo.

Hapo ndipo Matano alipokwama. Utotoni, chuoni alikosomea Kurani, alifundishwa kwamba msomaji haruki herufi, basi naye hakuruka sauti. Kila alipoambiwa atunge, alipanda kutoka ya kwanza hadi ya sita, akashuka kwa adabu, akaanza tena. Sisi wa jikoni na mezani tulivumilia miezi mingi, hata kuku wakahama ua. Aliyemwokoa ni mkewe, Bi Mbodze, mwimbaji wa harusini ambaye hutunga wimbo huku akiuimba. Siku moja alimletea chakula, akasikiliza, akasema, "Baba Chirau, hizo si faradhi. Ukiacha moja hutailipa. Shika mbili, nyamaza, kisha utujibu." Matano akashika mbili, akanyamaza. Alipojibu, wapishi waliacha kukata vitunguu.

Kinachonichoma ni kilichofuata. Krismasi iliyopita, bendi ikiwa mapumzikoni, Matano alipiga tarumbeta kule kwenye chumba cha dobi. Wageni ukumbini waliweka glasi chini, wakauliza ni nani huyo. Nilikuwa nimesimama karibu nikihudumu, nikamsikia Meneja wetu akiwajibu kwamba ni santuri tu, sahani ya gramafoni. Mtu mwenye pumzi zake, mke na wajukuu, akaitwa santuri. Menezes alipomwombea apande jukwaani, Meneja alisema dobi huingia ukumbini na vitambaa vya meza, basi. Matano aliinamisha kichwa, akarudi kwenye pasi yake. Mimi sikuweza kuinamisha changu, na sijaweza mpaka leo.

Sasa anapewa saa ya ukutani. Saa ya nini, kwa mtu ambaye hatapigiwa tena kengele ya kazi? Alichotaka ni kimoja, na amekiomba kwa heshima kila mwezi: apige tarumbeta ukumbini, watu wakimwona uso.

Kwa hivyo, wenzangu, isomeni ratiba vizuri. Ile ya Kiingereza inasema kwamba baada ya dua ni hotuba ya Meneja. Hii ya Kiswahili, ambayo yeye hajawahi kuona haja ya kuisoma, inasema kwamba baada ya dua Matano atapanda jukwaani na bendi nzima. Bi Mbodze atakaa safu ya mbele. Sisi wahudumu wa meza tutajaa mlangoni, na atakayetaka kumzuia atatupitia sisi kwanza.

Ahsante, Bwana Matano, kwa kazi yako na kwa subira ambayo haikustahili kuchezewa. Mola akujaalie afya na pumzi ndefu huko Waa. Hotuba ya Meneja itafuata utakapomaliza. Utamaliza lini hatujui, na wewe mwenyewe hujui.