Filamu Isiyo na Mlaji

Kona yetu ina benchi moja refu ambalo mguu wake wa nne ni tofali. Upande mmoja kuna kibanda cha kinyozi, upande wa pili jiko la mama, na ng'ambo ya barabara kuna duka la dawa. Wanaokaa pale asubuhi ni walewale. Kinyozi tunamwita Spika, kwa sababu akianza kusema hazimiki. Wakili ni fundi viatu, na mahakama ameiona kwa nje tu, lakini kwake kila jambo ni kesi. Mzee Dakika anatengeneza saa, na hajawahi kufika popote kwa wakati. Mama huwauzia maharage na mkate, mimi huwamiminia kahawa. Nilianza kazi hiyo nikiwa kidato cha pili, mama alipovunjika mkono. Mkono ukapona, lakini mimi sikurudi shule. Asubuhi hiyo nilikuwa na simu ya kuazima mkononi, na roho haikuwa mahali pake.

— Binti, leo kahawa yako imenuna, alisema Spika. Nani kakuudhi nikamnyoe?

— Ni ile filamu, Mjomba.

Filamu waliijua wote. Wenzangu niliokuwa nasoma nao walipewa kazi ya kutengeneza filamu fupi ya kweli kuhusu chakula, wakaja jikoni kwetu. Walinipa simu nirekodi mimi, wakisema mimi ndiye ninayejua sufuria itafunuliwa saa ngapi. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza ya shule tangu niache shule.

— Si mlimaliza? aliuliza Wakili.

— Mwalimu ameitazama. Ameipenda, hasa pale mama anapotia chumvi, punje zinavyochuruzika kati ya vidole zikipigwa na jua. Lakini anasema hakuna mtu hata mmoja anayekula. Tusipompelekea mlaji kabla ya kengele ya mchana, kesho siku ya wazazi haitaonyeshwa.

— Siku nzima mmeshinda jikoni, hakuna aliyekula?

— Tulikula sana! Chakula kilipoiva mama alisema tuweke simu chini tule.

— Na mkaiweka?

— Tulikuwa na njaa.

Walicheka mpaka tofali likasogea. Mama aliitikia kutoka kwenye moshi wake:

— Chekeni tu. Mtu akila hatazamwi mdomo. Kwangu mimi, mteja akishainamia bakuli yuko chumbani kwake.

Mimi sikucheka. Gauni la kijani la mama lilikuwa limeshapigwa pasi, limetundikwa nyuma ya mlango. Tangu siku aliyokwenda kurudisha vitabu vyangu, mama hajakanyaga tena pale shuleni. Kesho angeingia akiwa mgeni, akae kwenye kiti kama wazazi wengine, ajione ukutani.

— Mwalimu ana haki, alisema Spika. Chakula kisicholiwa kinatia shaka. Watu watasema kina sumu.

— Zaidi ya hapo, alisema Wakili. Hiyo ni kesi isiyo na shahidi. Maharage yamekamatwa, yamechemshwa, yamefunikwa, halafu hakuna wa kusema yalikuwa na hatia gani. Hakimu anayaachia.

— Hamjafikiri mbali, alisema Mzee Dakika. Wazazi wametoka makwao bila kula. Mmewaonyesha sufuria ukuta mzima, inatokota, na hakuna anayekula. Mtu anajisemea, basi kimebaki, ni changu! Wananyanyuka. Wanang'oa ukuta. Shule inafungwa.

— Inafungwa kwa njaa! alisema Spika. Na wa kwanza kukamatwa ni huyu binti.

— Nitamtetea, alisema Wakili.

— Ndiyo maana namhurumia.

Nikaona nikiwaacha, kengele italia wakiwa gerezani.

— Basi kuleni nyinyi, niwarekodi.

— Mdomo msiuonyeshe, alisema mama.

— Sisi tumekubali, Dada Mkubwa, alisema Spika. Midomo ni yetu.

Mama akawapakulia, akageuka kupuliza moto. Spika alianza. Alijaza kijiko, akakigeuzia kwenye simu na kutangaza, "Ndugu watazamaji, utamu huu!" na alisema mengi hata kijiko kisifike kinywani. Wakili alikaa wima, mkono mmoja kifuani, akatafuna kama anayekula kiapo. Mzee Dakika alimtazama mama mgongoni, akatoa kikaratasi kilichosokotwa mfukoni, akanyunyiza kitu kwenye bakuli, akakirudisha haraka. Nikadhani ni dawa yake ya kifua. Kisha akaanza kupuliza bakuli, akapuliza, akapuliza.

— Mzee, yamepoa.

— Subiri kidogo.

Nilifuta zote. Wale ninaowaona kila asubuhi wakila kwa raha, mbele ya simu hakuna aliyekuwa yeye. Jua lilikuwa limeshafika kwenye ngazi ya duka la dawa.

Ndipo akaja dada mmoja mwenye ngazi begani na ndoo ya rangi mkononi. Alikuwa amekuja kupaka ukuta wa duka. Aliomba kahawa, akakaa mwisho wa benchi, akaangalia bakuli zilizopoa na ile simu. Spika alimweleza mkasa wote, pamoja na wa kufungwa kwa shule. Dada alisikiliza, akapuliza kahawa yake.

— Samahani, nauliza tu. Aliyepika amekula?

Spika alimgeukia Wakili.

— Hula mchana, alisema Wakili.

— Mchana gani? Mchana anauza, alisema Mzee Dakika.

— Basi atakuwa anakula nyumbani.

Wote wakanigeukia. Mimi nalala naye chumba kimoja. Jioni sufuria huwa tupu; mama hunywa chai na mkate akiwa amesimama, anaosha vyombo. Nilikuwa nimerekodi moshi, mikono, jasho la kifuniko. Hilo sikuwa nimeliuliza.

Spika akainuka, akamnyang'anya mama upawa.

— Dada Mkubwa, keti.

— Na wateja?

— Wateja si ndio sisi? Tumefunga jiko.

Wakili alifuta benchi kwa aproni yake ya ngozi. Mzee Dakika, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, aliwahi: mkate ulikuwa umeshakatwa. Mama akakaa upande wa tofali, akishika bakuli kama si lake.

— Mama, nikurekodi?

— Mdomo hapana.

— Mikono tu.

— Ina masizi.

— Hiyohiyo.

Akatazama pembeni, kisha akaanza kula. Nilishusha simu mpaka nikabaki na bakuli, kijiko na ule mkono wa kulia. Alikula taratibu. Ghafla kijiko kikasimama hewani.

— Haya maharage hayana chumvi.

Benchi zima likatazama duka la dawa.

— Nawauliza nyinyi. Ni leo tu?

— Leo, alisema Wakili, na siku nyingine, kwa nyakati tofauti.

— Tangu lini?

Mzee Dakika akakohoa.

— Tangu ulipotolewa plasta, dada yangu. Vidole havifumbi sawasawa. Unachota konzi, nusu inamwagika kwenye majivu kabla ya kufika kwenye sufuria.

— Lakini huwa naonja! Naonja hapa, kiganjani!

— Kiganja hichohicho kilichotoka kwenye chumvi? aliuliza dada wa rangi.

Mama alikitazama kiganja chake. Zile punje zilizotupendeza sote, na mwalimu pia, zilikuwa zinamwagika kwa sababu mkono haukufumba. Nilizirekodi kwa karibu, nikaziona nzuri, na sikuona kitu; hata nilipokula, njaa haikuniacha nionje chumvi.

Mzee Dakika akatoa kile kikaratasi, akakiweka kwenye benchi. Wakili akafungua kopo lake la misumari midogo, chini yake mlikuwa na kifuko. Spika akaleta kichupa cha poda kutoka kibandani. Yote ilikuwa chumvi.

— Mmekuwa mkila na chumvi zenu za mfukoni? aliuliza mama. Mbona hamkusema?

— Tungesemaje? alisema Mzee Dakika. Ulipokuwa umelazwa tulikaa hapa na kahawa kavu, tunatazama mafiga. Siku uliyowasha moto tena, nani angekuwa na uso wa kudai chumvi?



Mama akasogeza bakuli kwa Mzee Dakika.

— Nitilie.

Akamtilia. Mama akala, akapangusa bakuli kwa mkate, akaendelea mpaka maua yaliyochorwa chini ya bakuli yakaonekana. Hapo nikazima simu.

— Yale maneno ya chumvi yameingia, mama. Niyakate?

Alifikiri.

— Yaache. Ndivyo nilivyokula.

Mmoja wa wenzangu alifika mbio, sare imelowa jasho mgongoni.

— Umempata mlaji?

— Nimempata.

Alitazama pale pale amesimama, akaikumbatia simu, akakimbia kuiwahi kengele. Nilitaka kuwashukuru wale wazee, lakini kila nilipoanza mmoja alininyooshea kikombe. Basi nikawamiminia, na dada wa rangi pia, mpaka chupa ikatoa povu tu.

Mama akachukua kopo la chumvi, akaniwekea mkononi.

— Kuanzia leo, hii ni yako. Na nyinyi, kesho asubuhi hakuna maharage. Nitakuwa shuleni. Mkitaka kuja, njooni mmeoga.

— Tutakuja, alisema Spika. Na Mzee aanze kutembea sasa hivi.

— Ila filamu ikifika pale kwenye chumvi, asicheke mtu.

Walikuwa wameshaanza, na mama ndiye aliyecheka kuliko wote.