Magodoro Mapya ya Thora

Nje baridi ilikuwa nyuzi thelathini chini ya sifuri, na magari yalikuwa yamechomekwa umeme ukutani kama ng'ombe waliofungwa zizini, injini zisije zikaganda. Ndani ya ukumbi wa barafu wa Vidalund, nyuma ya goli la upande wa kantini, kuna benchi moja lililochakaa kwa makalio. Hapo ndipo wanapokutana Trekta, mkulima wa ngano mwenye sauti ya injini. Askofu, ambaye kanisani huonekana kwenye mazishi tu. Na Halldor, aitwaye Meno kwa sababu mawili ya mbele aliyaacha juu ya barafu hiyohiyo ujanani. Wanakunywa kahawa, wanatema maganda ya alizeti ndani ya kopo, na kuna miaka kumi hakuna hata mmoja wao aliyevaa viatu vya kutelezea. Lakini asiyejua kuteleza, wao ndio wanaomjua.

Asubuhi hiyo Thora aliingia uwanjani, kavaa kinga mpya nene za kipa, kuanzia kifuani mpaka miguuni.

— Mama yangu! Yale magodoro kayatoa wapi? aliuliza Trekta.

— Kayaagiza. Yamefika jana, alijibu Meno.

— Sasa anakwenda kudaka au anakwenda kulala?

Wakacheka, na Meno akacheka nao, ingawa Thora ni shemeji yake, mdogo wa mkewe. Kipa wa Vidalund alikuwa amehamia jimbo la Alberta kwenye visima vya mafuta, akaondoka na vifaa vyake vyote. Jumamosi kulikuwa na mechi ya magongo ya barafuni, na timu isiyo na kipa inafutwa kwenye ligi. Wanaume wa mji walifuatwa mlango kwa mlango. Huyu mgongo, yule shughuli. Meno alisema magoti. Ndipo Thora, karani wa posta, mwanamke wa miaka arobaini na saba, aliposema, "Basi nitakaa mimi."

Alisogea golini polepole, miguu kaitanua. Kinga za miguuni zilimfika mapajani, nyeupe pe, ngumu kama mbao.

— Kwanza kakosea rangi, alisema Askofu. Nyeupe juu ya barafu nyeupe! Mabeki wake wataona goli halina mtu, watakimbia.

— Na vitu vipya havidaki, alisema Trekta. Lazima vilale kwanza bandani na nguruwe, wiki nzima. Adui akinusa, anarudi kwao mwenyewe.

— Ndiyo maana wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

— Jembe la nini tena, Askofu?

— La kupigia hayo magodoro! Yalainike!

Kalyna, nesi wa zahanati, ndiye aliyekuwa akimpigia. Alisukuma kwa gongo kisahani cheusi cha mpira mgumu, ndicho kinachofungwa golini katika mchezo huu, akakichapa. Kikamgonga Thora kifuani, po! Thora akashtuka, akajitazama kifua, akajipapasa kwa glavu. Kisha akacheka kwa sauti, kicheko cha mtu aliyetegemea kuumia asiumie.

Meno alijikuta anatabasamu. Akajificha kwenye kikombe.

— Hewa hiyo! alisema Trekta. Kifua chote kimejazwa hewa. Jumamosi akipigwa sawasawa atapaa mpaka darini, tutamshusha kwa ngazi.

— Atashukaje, na asiyesikia la mkuu huvunjika guu?

— Guu lenyewe lina godoro, bwana we! Litavunjikia wapi?

Kalyna akapiga cha chini. Thora akajitupa kwa magoti. Lakini zile kinga, badala ya kugeuka zitazame mbele, zilimng'ang'ania miguu. Akaenda upande mzimamzima, kama kabati linaloangushwa na wabeba mizigo. Kisahani kikampita katikati. Akainuka kwa taabu, akajaribu tena. Kabati likaanguka tena. Mara ya tatu alikaa chini kidogo, mgongo ukipanda na kushuka.

— Haba na haba, alisema Askofu, hujaza goli.

Trekta alipaliwa na alizeti kwa kucheka. Meno naye alicheka, ila safari hii kilitoka kicheko kikavu, na akaomba moyoni mkewe asije akasikia.

Thora akainuka. Hakurudi golini. Aliteleza moja kwa moja mpaka kwenye kioo cha uzio wa uwanja mbele yao, akavua kofia yake ya wavu wa chuma. Nywele zilikuwa zimemganda usoni kwa jasho. Wale watatu wakajiweka sawa kwenye benchi.

— Habari zenu, wazee.

— Nzuri, nzuri, dada.

— Nawasumbua kidogo. Hii kamba ya chini, inayoshika kiatu. Inakazwa au inalegezwa?

Trekta akamtazama Askofu. Askofu akatazama kopo la maganda.

— Shemeji, wewe unakaa hapa miaka yote, alisema Thora. Inakazwa?

— Inategemea, alisema Meno.

— Inategemea nini?

Kipa aliyeondoka alidaka mbele ya benchi hili misimu kumi na mmoja, na Meno alimtukana kwa kila bao. Miguu yake hakuwahi kuiangalia.

— Inategemea tu, shemeji.

Thora alimngoja kidogo zaidi, bila hasira. Kisha akavua glavu, akapiga goti palepale, akailegeza kamba ya kulia, halafu ya kushoto, akaacha nafasi ya vidole viwili. Akavaa kofia, akarudi.

Kalyna akapiga cha chini kilekile. Thora akashuka. Safari hii kinga ziligeuka zenyewe, zikafunga barafu kama milango miwili ya ghala, na kisahani kikagonga, paa! kikarudi kilikotoka.

— Bahati ya mwanzo, alisema Trekta.

Kalyna alikuwa ameshakifuata kisahani, na Thora anagonga barafu kwa gongo lake.

— Lete kingine! Piga kwa nguvu!

Meno alisimama.

— Unakwenda wapi? aliuliza Askofu.

— Kuongeza kahawa.

Kikombe alichokiacha juu ya benchi kilikuwa bado kimejaa hadi nusu, na kantini iko kushoto. Yeye alishika kulia, akaenda kusimama peke yake karibu na goli, macho kwenye miguu ya kipa.