Fundi Vioo na Taa Wake: Maisha ya Kaka Yetu

Kaka yetu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 3 Novemba 1962, mtoto wa pili wa baba seremala na mama aliyefua mashuka ya hospitali. Alizaliwa mdogo sana, hata mkunga akamshauri mama asiharakishe kumpa jina. Mama alimpa siku hiyohiyo, akamshukuru Mungu.

Alisoma shule ya msingi mpaka akamaliza. Darasani hakuwa wa kwanza wala wa mwisho, ila kwenye sayansi alikuwa hashikiki. Aliwahi kufuga visamaki vya mfereji kwenye beseni la kufulia, na mama alipolitafuta beseni lake, alijibiwa, "Lina wageni, mama." Alichapwa kidogo.

Mwaka 1980 aliingia karakana ya vioo. Alianza kwa kufagia vipande, mwishowe akakabidhiwa kalamu ya almasi ya kukatia. Ukipita mtaa wa nyuma ya soko ukaona dirisha limekaa sawasawa, halichezi, huenda ni mkono wake. Watu walimwita Fundi Vioo, hata watoto wake mwenyewe.

Mwaka 1988 alifunga ndoa na wifi yetu, mshonaji wa sare za shule. Walikutana alipokwenda kupima kioo cha dirisha la duka alimokuwa akishona. Akakosea vipimo na kurudi, akakosea tena na kurudi, yeye ambaye hakuwa akikosea popote. Mungu akawajalia watoto watatu.

Sasa nifike kwenye jambo lililowavuta wengi wenu sebuleni kwake. Duka moja la samaki wa mapambo lilimwita azibe tangi linalovuja. Huko akawaona taa, wale samaki bapa wenye mwiba wa sumu mkiani, ila hawa ni wa mtoni, si wa baharini. Alisimama mpaka mwenye duka akamkumbusha kilichomleta. Aliingia nyumbani hajavua hata viatu.

"Nimeona samaki kama sahani," alimwambia mkewe.

"Sahani ninazo kabatini."

"Hizi zinapaa, mama watoto. Zinapaa ndani ya maji."

Hakukimbilia kununua. Alitengeneza kwanza tangi la kioo, pana sana wala si la kwenda juu, kwa kuwa taa huishi chini na hutaka nafasi ya kugeuka. Likakaa mahali pa makochi. Wifi aliuliza wageni watakaa wapi, akaambiwa watasimama watazame. Akamwaga mchanga laini usiokwaruza tumbo, akafunga mashine kubwa ya kuchuja, na kile kifaa cha kupasha maji akakizungushia kizuizi, wasije wakakilalia wakaungua. Kisha tukatazama maji matupu wiki nyingi. Jirani mmoja alimuuliza, "Fundi, samaki wako hawaonekani kwa macho ya dhambi?" Alijibu kwamba maji hayajakomaa, hayajaota vile vijidudu vinavyokula uchafu wa samaki.

Siku ya kuchagua alikwenda na mkewe. Muuzaji akamsifia mmoja mkubwa mwenye madoa kama shanga. Kaka akachuchumaa, akatazama, akakataa. Kingo zake zilijikunja juu, mifupa ya nyonga ilionekana, na alihema kama aliyetoka mbio. Akamchagua mdogo wa kahawia, mnene, aliyejifunika mchanga, na chakula kilipoangushwa akaibuka akakirukia.

"Huyu mbona kama kiraka?" wifi aliuliza.

"Kiraka kinachokula."

Alimwita Bi Mkubwa, akatangaza mtaa mzima kuwa atazaa, maana taa hawa hawatagi, huzaa. Bi Mkubwa alipokua akaota vile vidole viwili karibu na mkia, ambavyo ni vya dume. Kaka alicheka mpaka akakaa sakafuni. Jina halikubadilishwa. Alitafuta jike la kweli, na tangu hapo kila sala ya mezani ilikuwa na ombi la watoto wa taa. Nilimwambia hayo si mambo ya kumsumbua Mungu. Akasema, "Kwani aliyewaumba ni nani?"

Mwaka jana moyo wake ulianza kuchoka. Miguu ilivimba, na daktari akamkataza kuinama na kubeba ndoo. Mwaka huu, akiwa hivyo, jike likashika mimba. Maji ya taa yasipobadilishwa mara kwa mara huwa sumu, na nyumbani walibaki wawili tu. Wifi hakuwahi kutumbukiza hata kidole, kwa kuuogopa mwiba. Alivaa glavu za jikoni mpaka viwikoni, akasema, "Nikifa, uoe mshonaji mwingine."

"Telezesha mkono polepole juu ya mchanga, atakupisha. Usimjie kwa juu."

"Mwambie yeye asinijie mimi."

Taa alimpisha. Kuanzia hapo kaka alielekeza akiwa kitini, na wifi akawa anabishana naye juu ya maji kana kwamba ameyafanyia mtihani.

Mwezi huu wa tano alilazwa. Alisema kinachomuuma kuliko moyo ni kwamba jike liko karibu kuzaa na yeye hayupo. Jumamosi asubuhi wifi alikuta watoto watatu, kila mmoja kama kifuniko cha kopo, na Bi Mkubwa akiwafukuzafukuza. Hakuwa na wa kumuuliza. Akiwa peke yake akamtoa Bi Mkubwa, akamhamishia kwenye pipa la maji, akapiga picha, akatufikia hospitalini kilemba kikiwa upande.

Kaka aliiona picha ile akawa kama kijana. Aliikuza kwa vidole, akahesabu mikia. Halafu akauliza, "Bi Mkubwa umemtoa na nini?"

"Na ndoo."

"Si wavu?"

"Wavu mwiba unanasa. Umeniimbia hilo miaka mingapi?"

Akailaza simu kifuani. "Nionyeshe mikono."

Wifi akamnyooshea yote miwili. Akaigeuza, kiganja na mgongo, kidole baada ya kidole, kama alivyokagua kioo kabla hakijatoka karakana.

"Hujachomwa."

"Sijachomwa."

"Haya, nianzie mwanzo," kaka akasema. Wifi akasimulia mpaka muuguzi akatutoa.

Alituacha kesho yake, Jumapili tarehe 11 Mei 2025, mkewe akiwa amemshika mkono. Ameacha mjane, mabinti wawili, mwana mmoja, wajukuu wanne na mimi mdogo wake. Wifi ameniagiza niandike kwamba watoto wa taa wanakula, na kwamba tangi haliuzwi.

Pumzika, kaka, katika amani ya Mungu.