Maisha ya Fundi Mulei na Mashine Yake Iliyokimbia

Huyu tuliyekuja kumlaza leo, Josphat Mulei Musila, alizaliwa Jumanne, tarehe 9 Aprili 1957, Kiserian, ambapo baba yake, marehemu Musila, alikuwa akichonga mawe kwenye machimbo. Mama yake alikuwa marehemu Muthoki. Alikuwa mtoto wa pili kati ya watano, na wa kwanza kwa ubishi. Muthoki alikuwa akisema kwamba mtoto huyu alianza kupinga mambo kabla ya kuota meno, na wote waliofanya kazi naye baadaye hawakuona sababu ya kumkosoa mama yake.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Kiserian kuanzia mwaka 1964 hadi 1971, kisha akapelekwa Machakos kwa sekondari, akamaliza kidato cha nne mwaka 1975. Hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho. Lakini redio ya mwalimu mkuu ilipozimika, hakuna aliyeitwa isipokuwa Mulei. Mwalimu alisimama pembeni akiuliza, "Una hakika unajua unachofanya?" naye akajibu, "Hapana, lakini hata wewe hujui." Alichapwa viboko viwili, na redio ikapona.

Mwaka 1976 aliingia Nairobi kujifunza ufundi wa redio kwa Mhindi mmoja wa River Road. Katika mwaka huo alinunua santuri yake ya kwanza, *Vumbi la Athi*, ya bendi ya Radi Nne. Kwa wale wadogo ambao hawaijui, hiyo ilikuwa roki yetu wenyewe: gitaa za stima, ngoma nzito, na mwimbaji mmoja anayelalamika kwa Kiswahili. Haikuuzwa sana. Bendi ilivunjika, kanda asili zikapotea, na waliobaki na santuri hiyo wakaanza kuhesabika kwa vidole. Mulei aliitunza kuliko alivyotunza viatu vyake, na viatu vyake tuliviona.

Kuanzia 1980 hadi 1990 alifanya kazi Namanga, kwa wakala wa kupitisha mizigo mpakani, na jioni alitengeneza redio za madereva wa malori. Huko ndiko alikojuana na Saning'o, kijana wa Kajiado aliyekuwa akinunua na kuuza ng'ombe pande zote mbili za mpaka. Saning'o alileta redio iliyokanyagwa na fahali. Mulei alimwambia itupwe. Saning'o akaketi kwenye benchi na kusema haondoki. Redio ilitengenezwa kwa siku tatu, na kwa siku hizo tatu walikuwa wakicheza *Vumbi la Athi*. Wakawa marafiki hivyo.

Saning'o ndiye aliyemtambulisha kwa binamu yake, Naipanoi, wa Bisil. Mkamba kwenda kuposa kwa Wamaasai wakati huo halikuwa jambo la kuamka asubuhi na kulifanya. Siku ya mazungumzo wazee wa Bisil waliuliza kijana ana mali gani. Mulei, kwa ujinga wa ujana, alikuwa amebeba mashine yake ya santuri ili awaburudishe. Mzee mmoja alisikiliza wimbo mmoja mzima, akanyoosha mkono na kusema, "Hii ndiyo tunataka." Mulei alitoka nje na Saning'o, wakarudi, na pande zote zikaafikiana kwa mitamba wawili zaidi kuliko ilivyokuwa imepangwa. Mashine ilirudi Namanga. Naipanoi hajasahau kwamba siku hiyo alilinganishwa na gramafoni, ingawa husema pia kwamba alikuwa ameshauona uso wa bwana harusi na akajua gramafoni ingeshinda.

Walifunga ndoa kanisani Kajiado, Jumamosi, tarehe 13 Desemba 1986, na Saning'o akasimama kama msimamizi. Mungu aliwapa watoto watatu: Kakenya, Musila na Nasieku. Majina pia yalipatikana kwa mapatano. Wasichana walipewa ya kwa mama, mvulana ya kwa baba, na hakuna upande uliolalamika.

Mwaka 1991 walihamia Noonkopir, hapa Kitengela, na Mulei akafungua kibanda chake cha ufundi. Wengi mliomo hapa mmeingia kibandani humo mkiwa na televisheni iliyokufa mkatoka mkiwa na kanda ya muziki ambayo hamkuwa mmeikusudia. Alikuwa akinakili santuri zake kwenye kanda na kuwauzia watu kutoka hapa hadi Namanga. Kitengela nzima, wakati huo ikiwa bado na pundamilia wengi kuliko nyumba, ilijua *Vumbi la Athi* kupitia kanda za Mulei.

Kila Jumapili baada ya ibada, wapenzi wa santuri walikutana kibandani. Alikuwapo Saning'o, ambaye alikuja kutoka Kajiado na buti za mnadani. Alikuwapo Jacinta, mwenye hoteli ya jirani, aliyeleta chai na kukosoa kila kitu. Baadaye akaongezeka Sydney, kijana wa benki, ambaye alizaliwa wakati santuri zilishakufa na kwa hiyo akazipenda kuliko wote. Kikundi kilikuwa na sheria moja tu, ambayo Mulei aliitunga: santuri ya mtu haipandi mashine ya mwingine. Kila mtu na sindano yake, kila mtu na mikwaruzo yake. Ilikuwa sheria nzuri ya kulinda mali. Ndiyo iliyowaletea shida.

Familia imekubaliana kwamba jambo lifuatalo lisemwe lilivyo, kwa sababu marehemu mwenyewe aliagiza.

Kwa miaka mingi Mulei alitabiri kwamba siku moja *Vumbi la Athi* itatolewa upya, na kwamba watakaoitoa watamtafuta yeye kwanza. Mwaka 2023 ilitolewa kweli, na kampuni ya ng'ambo: toleo la deluxe, jalada gumu, kitabu cha picha za bendi ndani. Hakuna aliyemtafuta. Sydney aliagiza lake, na Jumapili, tarehe 10 Desemba 2023, akalileta kibandani pamoja na mashine yake mpya, kwa ajili ya ile sheria.

Walisikiliza wimbo wa kwanza. Ulipokwisha, Mulei alikuwa ameshakunja mikono.

"Hiyo ni feki," alisema. "Wamepunguza mwendo. Sikia huyo mtu, ni kama ameamshwa sasa hivi."

"Mzee, walitoa kwa santuri safi kabisa," Sydney akajibu. "Imeandikwa kwa kitabu."

"Kitabu kimeandikwa na wauzaji. Hata redio hupunguza. Nimewaambia miaka yote."

Jacinta akasema, "Mimi nimezoea yenye haraka. Hii inanipa usingizi, na bado sijauza chapati."

Sydney aliomba basi waweke ile ya zamani kwenye mashine yake, walinganishe. Mulei akakataa: sheria ni sheria. Akaombwa basi aiweke ya deluxe kwenye mashine yake yeye. Hapo Sydney ndiye aliyekataa, kwa sababu aliiona ile sindano. Kwa hiyo watu wazima wanne walikaa na santuri mbili za nyimbo zile zile na mashine mbili zinazofanya kazi, na hakuna aliyekubali kuchanganya.

Saning'o alivua saa yake, akaiweka juu ya meza, akaomba kila mmoja acheze wimbo wa kwanza kwa mashine yake. Ya Sydney ilichukua dakika nne na sekunde hamsini. Ya Mulei ilichukua dakika nne na sekunde thelathini na tano. Kisha akainua santuri ya Mulei mwenyewe, ile ya mwaka 1976, akasoma karatasi ya katikati: dakika nne na sekunde hamsini. Ilikuwa imeandikwa hapo miaka yote, na hakuna aliyewahi kuisoma akiwa na saa mkononi.

"Shemeji," Saning'o alisema, "mashine yako inakimbia."

Mulei alikuwa fundi. Watu walimletea vitu vyao kwa sababu ya sikio lake. Kuambiwa mbele ya watu kwamba sikio hilo limedanganywa miaka thelathini, na kwamba yeye ndiye aliyewadanganya wengine wote kwa kanda, kulimshinda.

"Hiyo karatasi iliandikwa na karani," alisema. "Wewe jua ng'ombe. Chukua saa yako utoke."

Saning'o alichukua saa yake akatoka. Hawakuzungumza tena kwa miezi kumi na minne.

Machi 2024 madaktari walimwambia Mulei kwamba figo zake zimechoka kwa sababu ya kisukari. Alianza kusafishwa damu mara mbili kwa wiki. Aliuvumilia ugonjwa huo vizuri kuliko alivyovumilia yale matokeo ya saa. Kibanda kilifungwa, Jumapili zikakwisha. Saning'o hakuingia ndani, lakini kila wiki kibuyu cha maziwa kilifika langoni. Alimpa Naipanoi, akamwuliza hali ya mgonjwa, akageuka. Naipanoi alikuwa katikati ya mume na ndugu, akibeba kibuyu.

Siku moja alimwambia mumewe, "Baba Kakenya, haya maziwa unajua yametoka kwa nani."

"Najua."

"Na unakunywa."

"Ng'ombe hakunikosea."

Alhamisi, tarehe 13 Februari 2025, asubuhi, Mulei aliomba mashine iletwe kando ya kitanda, pamoja na simu. Alicheza wimbo wa kwanza mara tatu huku akiupima kwa simu. Mara zote tatu alipata kile kile Saning'o alichopata. Kisha akaomba wembe, akaifungua mashine. Kwenye gurudumu dogo la mota, pale mpira wa kuzungusha hukaa, kulikuwa na tepu nyeusi ya mafundi wa stima. Aliiweka yeye mwenyewe mwaka 1993, mpira ulipoanza kuteleza, ili ushike. Kila ulipolegea aliongeza tabaka. Gurudumu lilikuwa likinenepa kidogo kidogo, na mashine ikiongeza mbio kidogo kidogo, na masikio yakizoea. Alikata tabaka saba. Kama mteja angemletea mashine ya namna hiyo, Mulei angemcheka mwezi mzima.

Akamwita mkewe. "Mama Kakenya, mpigie ndugu yako."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie aje na ile saa."

Saning'o alitoka Kajiado akafika kabla ya saa sita, bado akiwa na buti. Alisimama mlangoni mwa chumba. "Sopa, shemeji," alisalimia kwa Kimaasai. Mulei akajibu, "Ipa. Keti hapo, unaziba mwanga." Alikuwa ameshakata mpira mpya kutoka tyubu ya baiskeli. Walicheza *Vumbi la Athi* yote, pande zote mbili, na wimbo wa kwanza ulichukua dakika nne na sekunde hamsini.

Mulei aliinua sindano. "Kumbe huyu mwimbaji hakuwa kijana," alisema. "Ni mtu mzima. Anafikiria kabla ya kusema."

"Nilikuambia."

"Uliniambia mbele ya watu."

"Na ulinifukuza mbele ya watu."

"Sasa unataka nini, Saning'o?"

"Useme mbele ya hao hao watu."

Mulei alijaribu kupunguza. Aliuliza kama haitoshi akimwambia Jacinta pekee, kwa sababu Jacinta angeeneza kabla ya chai kupoa. Saning'o akakataa. Akauliza kama yaweza kungoja Jumapili ya mwezi ujao, akipata nguvu. Saning'o akasema hii ya sasa. Mulei, ambaye hakuwahi kukubali bei ya kwanza maishani mwake, aliikubali hiyo. Waliitwa wote, waje nyumbani Jumapili, tarehe 16. Baada ya Saning'o kuondoka alimwambia Naipanoi, "Nikikosa kufika Jumapili, jambo hili liandikwe. Na msilirembe."

Hakufika Jumapili. Jumamosi, tarehe 15 Februari 2025, saa nne asubuhi, Mulei alifariki nyumbani kwake Noonkopir, mkewe akiwa amemshika mkono. Alikuwa na miaka sitini na saba.

Kwa hiyo deni hilo la maneno familia inalimaliza hapa, kwa namna alivyomwandikisha Naipanoi siku ile ya Alhamisi:

"Mimi Mulei nilikosea kuhusu mwendo wa *Vumbi la Athi*. Saning'o alikuwa sawa, na Sydney pia. Mwenye kanda yangu yoyote tangu mwaka 1993 ajue inakimbia, na anisamehe. Nilimfukuza shemeji yangu kwa sababu alikuwa amesema ukweli, na nilijua ni ukweli kabla hajafika barabarani."

Saning'o, familia imeambiwa kwamba umesimama huko nyuma na majirani. Kiti chako kiko mbele, kwa ndugu. Tafadhali njoo ukae, hatutaendelea hadi ukae.

Marehemu ameacha mjane, Naipanoi, watoto Kakenya, Musila na Nasieku, wajukuu wanne, ndugu Kasyoki na dada Phylis Munyiva, aliyeandika wasifu huu, shemeji na msimamizi wake, Saning'o, na wapenzi wa santuri wa Noonkopir, ambao wamekubaliana kuifuta ile sheria.

Mulei, neno lako limefika mbele ya watu. Sasa pumzika kwa amani.